Terminali ya Kumi na Mbili

Fundi Vioo alikuwa na terminali kumi na moja, sufuria mbili na kikombe kimoja. Msimwonee huruma kwa hicho kikombe. Vingine vilikuwepo kabatini, ila vilijaa skrubu, na aliyevijaza ni yeye mwenyewe.

Kwa asiyezijua mashine hizi nitaeleza mara moja tu. Zamani kompyuta ilikuwa moja kwa jengo zima, imefungiwa kwenye chumba chake cha baridi, na makarani wa ghorofa zote waliiandikia kupitia terminali: skrini na kibodi, basi. Terminali haina akili yake. Ukiandika, maneno yanasafiri kwenye waya kwenda kwingine. Jibu likirudi, inakuonyesha. Ikichomolewa waya, inabaki sanduku zito lenye kioo.

Fundi alizitengeneza kwa miaka thelathini na miwili katika shirika moja la bima. Ziliponunuliwa kompyuta za kisasa, terminali zote zilitupwa nyuma ya jengo ndani ya wiki moja, na yeye akastaafishwa wiki iliyofuata. Alichukua mbili kwenye lile rundo, akazisukuma nyumbani kwa mkokoteni, koti lake limezifunika na mvua inamnyeshea yeye. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Nyingine alizipata kwenye maghala na kwenye shule zilizofungwa, na moja kwenye banda la kuku, ambayo ikipata moto ilikuwa bado inanuka.

Mke aliwahi kuwa naye, kwa miaka minne. Aliondoka bila ugomvi wowote, akisema tu kwamba amechoka kuongea na mgongo. Mtoto hawakujaliwa. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, mjane mwenye maneno mengi na huruma nyingi zaidi, aliyekuja kila Jumapili kumkagua.

“Mdogo wangu,” dada alizoea kusema, huku akitafuta pa kukalia, “siku ukifa humu ndani, watakaokuja kukubeba watakuhesabu pamoja na hizi.”

“Wataona sina kibodi,” Fundi alijibu, na akarudi kwenye skrubu zake.

Lakini tusidanganyane, alikuwa mpweke. Mpweke hasa, wa kuongea na redio. Kuna siku alimaliza kutengeneza mashine, ikawaka vizuri, na kile kidoa cha mwanga kinachoonyesha herufi inayofuata itakaa wapi kikawa kinapepesa juu ya kioo, kinangoja aandike. Naye hakuwa na wa kumwandikia. Hapo aliizima, akaenda kuosha kikombe kisicho kichafu.

Mpaka alipotokea Kasi.

Kasi alikuwa mwanamke wa makamo yake, mpiga teleksi, yaani mtuma barua kwa waya, mstaafu wa kampuni ya kusafirisha mizigo, katika mji ulio mbali mwendo wa siku nzima. Jina hilo walimpa kazini kwa ajili ya vidole vyake. Naye alikuwa na mashine moja tu, terminali ya karatasi. Hiyo haina skrini; kila neno, liwe lako au la mwenzako, inaligonga kwenye gombo refu la karatasi kwa kelele ya kuamsha mtaa. Kasi alitoa tangazo gazetini akitafuta utepe wa wino. Fundi alikuwa nazo saba. Akamtumia zote saba kwa posta, pamoja na barua ya kurasa mbili inayoeleza kasoro za kila utepe.

Jibu lilikuja kwa barua fupi: “Utepe umefika. Kasoro nimezisoma. Je, una modemu?”

Modemu ni kile kisanduku kinachowezesha mashine mbili kuzungumza kwa laini ya simu ya mezani. Fundi alikuwa nazo nne. Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi alasiri, mashine ya Fundi iliipigia mashine ya Kasi, na wawili hao wakaandikiana kwa saa moja. Sharti aliliweka Kasi siku ya kwanza: laini ni ya mashine, si ya midomo. “Sauti kila mtu anayo,” aliandika. “Tuwaachie wenzetu.” Fundi, ambaye hata dukani alikuwa akionyesha kwa kidole badala ya kutaja, alilipokea sharti hilo kwa mikono miwili. Ikapita miaka mitatu. Hakuijua sauti yake, wala sura yake, wala namba ya simu yake ya mkononi. Alijua paka wake alibanwa mkia na mashine. Alijua daktari amemkataza chumvi, na kwamba anaila kwa siri.

Walitaniana sana. Kasi alimaliza sentensi tatu wakati Fundi bado anaitafuta herufi ya pili, na kwa mashine zile kila herufi ilikwenda papo hapo ilipobonyezwa, kwa hiyo mwenzake alimwona anavyojikwaa.

“Umelala?” Kasi aliandika.

“Natafuta neno.”

“Litafute polepole. Halina miguu, halitakukimbia.”

Kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa Fundi aliishi kwa kubahatisha. Jumamosi alinyoa ndevu.

Sasa ile ya kumi na mbili. Fundi aliisaka kwa miaka tisa: terminali yenye kioo cha rangi ya asali, iliyotengenezwa kidogo na kutupwa kwa wingi. Zilizobaki na kuwaka alizijua tatu, na wenye mbili kati ya hizo walikuwa hawajibu barua. Ya tatu aliikuta kwenye stoo ya kiwanda cha nguo kilichofungwa, imefunikwa vumbi la pamba mpaka haionekani rangi. Aliitengeneza kwa miezi miwili. Kitabu chake cha maelekezo alikisoma mara mbili, jalada hadi jalada, akicheka peke yake pale alipofurahi.

Uzuri wa mashine hii ni kwamba haikutuma herufi moja moja. Ilikuwa na kumbukumbu ya ukurasa mzima. Unaandika, unafuta, unarudi juu, unasahihisha, na upande wa pili hawaoni kitu mpaka ubonyeze kitufe cha kutuma. Kwa mtu kama Fundi, hiyo ilikuwa neema. Jumamosi iliyofuata akaifunga kwenye modemu.

“Leo umetulia mno,” Kasi aliandika. “Unaumwa?”

“Siumwi. Niko kwenye ile ya rangi ya asali. Naandika kwanza, ndipo natuma.”

“Kumbe sasa utakuwa mtu wa hotuba.” Kisha Kasi akasita, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Yalipokuja maneno yalikuja kwa mkupuo. “Afadhali umenitulia, maana leo nina neno. Mwanangu anataka nihamie kwake. Mwisho wa mwezi lazima niwe nimetoka hapa, nyumba ipate wapangaji. Nimewaza sana, Fundi. Wewe uko peke yako, mimi niko peke yangu. Kwa mwanangu nitapokewa, najua. Lakini nikisema nije kwako, utasemaje?”

Fundi alisimama. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Akasoma tena, maana alihisi macho yanamcheza shere. Kisha akaufuta ukurasa wote ili apate nafasi, akakaa, akaanza kuandika.

Mjue kwamba kazini, kila mashine aliyoitengeneza aliijazia kadi, na kadi zile zilikuwa na utaratibu wake: kasoro kwanza, matengenezo mwisho. Miaka thelathini na miwili ya kadi hizo ilimwingia mwilini. Ukimuuliza habari za asubuhi, alianza na goti. Basi na barua hii, barua pekee ya maisha yake iliyokuwa na maana, aliianza hivyo hivyo:

“Bi Kasi, kwanza nikueleze hali ilivyo, usije ukasema hukuambiwa. Mimi ni mtu mgumu kukaa na watu. Mke wangu aliondoka, na hakuwa na kosa. Nakoroma. Goti la kushoto ni bovu. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, na hicho cha pili kimejaa mashine kumi na moja.”

Akaruka mstari.

“Hayo ndiyo mabovu. Sasa matengenezo. Chumba kile nitakitoa kila kitu. Kina dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Miaka hii mitatu nimekuwa na siku moja tu kwa wiki, Jumamosi. Hizo sita nyingine nazisukuma. Njoo. Njoo na paka. Kwa mdomo nisingeweza kulisema, hapa nalisema: nakupenda, na ningependa kusikia mtu anatembea ndani ya nyumba na mtu huyo awe wewe.”

Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akausoma ukurasa kutoka juu. Alipofika kwenye zile mashine, jicho likanasa. Kumi na moja? Si kumi na moja tena, ni kumi na mbili, na ya kumi na mbili ndiyo hii anayoiandikia! Mkusanyaji unaweza kumdanganya juu ya umri wake mwenyewe, lakini si juu ya idadi ya mashine zake. Akakipandisha kidoa mpaka kwenye ule mstari, juu ya “moja” akaandika “mbili”, akatia nukta. Na kabla ujasiri haujamtoroka, akapiga moyo konde akabonyeza kitufe cha kutuma.

Mashine ikalia mlio wake mmoja. Kidoa kikashuka chenyewe hadi mstari wa chini kabisa. Barua yote ikabaki pale kiooni, juu mpaka chini, inang'aa.

Dakika zilipita. Nne, tano. Kisha jibu: “Nimekuelewa, Fundi. Asante kwa kuniambia ukweli.” Na laini ikakatika, robo saa kabla ya wakati wake.

Fundi alidhani ni haya. Mwanamke wa umri ule, kuambiwa anapendwa kwa maandishi, atakosaje kuona haya? Alicheka mpaka akakohoa. Akajipiga kofi pajani, akasema kwa sauti, “Amenielewa!” Redio ilikuwa imezimwa, hakuna aliyemsikia.

Jumatatu alimpigia simu mwalimu wa chuo cha ufundi aliyekuwa akimsumbua miaka yote amuuzie japo mbili, akamwambia aje na pikapu achukue kumi na moja, bure. Mwalimu alikuja na pikapu na wasiwasi.

“Mzee, una uhakika?”

“Chukua kabla sijapata akili.”

Walizitoa moja moja. Fundi alizisindikiza hadi kwenye gari na kuitajia kila moja ugonjwa wake: hii usiizime ghafla, hii herufi ya tatu inakwama, hii ikipata moto inanuka kuku lakini usiogope. Zile mbili za kwanza, za mkokotenini, alizipakia kwa mikono yake mwenyewe na hakusema kitu. Pikapu ilipokata kona alirudi ndani, akasimama katikati ya chumba kitupu. Aliumia, tusiseme uongo. Aliumia sana. Lakini kesho yake alinunua rangi.

Dada yake alipokuja Jumapili na kukuta pa kukalia, alishtuka. Alipoelezwa, alishtuka zaidi.

“Mwanamke? Wa kweli? Mwenye miguu?”

“Wa kweli.”

“Umemwona?”

“Bado.”

“Na yeye hajakuona. Hapo ndipo bahati yako ilipo.” Dada alicheka mpaka akajifuta machozi, na kati ya machozi yale mengine hayakuwa ya kicheko. Akavua viatu, akapima dirisha kwa kanga yake, na wiki hiyo akaleta pazia alizozishona mwenyewe. Kitanda kikaja, na meza, na rafu nzito ya kuwekea mashine ya karatasi. Fundi akamwaga skrubu zilizokuwa kwenye vile vikombe na kuviosha kwa maji ya moto.

Jumamosi mbili zilipita, laini ikiita bila kupokewa. Fundi hakutishika. Mashine imeshafungwa kwenye sanduku, alijiambia, mtu anayehama atapokea kwa kutumia nini? Aliutumia muda huo kupaka rangi mkono wa pili, kisha mlango.

Mwisho wa mwezi uliangukia Jumamosi. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi, akaweka kiti mahali anapouona mlango wa mbele na barabara, akakaa. Alikaa tangu saa tatu. Kila gari lililopunguza mwendo alinyanyuka. Jua lilihama kutoka kizingitini likapanda ukutani, likaondoka. Jumapili dada alileta chakula cha watu watatu, wakala wawili.

“Aliandika kwamba anakuja?” dada aliuliza, taratibu, kwa sauti ambayo hakuizoea.

“Aliandika amenielewa.”

Dada aliweka kijiko chini. “Amekuelewa nini?”

Ilikuwa mara ya kwanza Fundi kujiuliza swali hilo.

Jumanne alisafiri. Alikuwa na anwani, kwa kuwa alikwisha kuiandika mara nyingi kwenye vifurushi vya utepe. Jumatano asubuhi akabisha hodi kwenye nyumba ya ukuta wa kijani yenye baraza nyembamba. Aliyetoka alikuwa mwanamke mwenye tepu ya ushonaji shingoni na funguo nyingi mkononi. Kwa muda mfupi Fundi alidhani ndiye.

“Mimi ni mdogo wake,” mwanamke alisema, kana kwamba alishayasoma macho yake. “Nawasubiri wapangaji. Na wewe?”

“Naitwa Fundi.”

Mwanamke alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa, bila haraka. “Wewe ndiye Fundi. Ningekuwa nakuita shemeji saa hizi. Ingia basi, ila viti nimeshatoa.”

“Yuko wapi?”

“Kwa mwanawe. Wiki tatu sasa. Alipanga kuondoka mwisho wa mwezi, lakini baada ya barua yako hakuona cha kungojea.” Akanyoosha kidole kwenye kona. “Hilo dude lake hilo hapo. Aliniambia nimpe mtu wa vyuma chakavu. Sijampa, linanisikitisha.”

Ilikuwa terminali ya karatasi, nayo Fundi aliifahamu kwa habari zake tu, hakuwahi kuiona. Alipiga magoti mbele yake, pamoja na lile goti bovu, akafungua kifuniko kama alivyofungua vifuniko maisha yake yote. Gombo lilikuwa bado ndani, halijachanwa. Mazungumzo ya Jumamosi ile yote yalikuwa juu yake. Mtu wa hotuba. Afadhali umenitulia. Nikisema nije kwako, utasemaje? Na chini yake, kwa wino wa utepe wake mwenyewe, jibu lake: mtu mgumu kukaa na watu. Mke wangu aliondoka. Nakoroma. Goti. Na hicho cha pili kimejaa mashine kumi na mbili. Nukta.

Halafu karatasi tupu, kipande cha upana wa kiganja. Halafu, “Nimekuelewa, Fundi.”

Hakuhitaji kufikiri. Fundi aliijua hitilafu ile kama jina lake. Mashine ya aina ile hutuma kuanzia juu ya ukurasa mpaka pale kidoa kilipo, na hapo inakoma. Kilicho chini ya kidoa hakiendi popote, kinabaki kiooni kinang'aa na mwandishi anadhani kimefika. Imeandikwa kwenye kitabu, ukurasa wa kumi na nne. Makarani wa bima waliotumia mashine za kutuma ukurasa walikosea hivyo hivyo kila mwezi, na yeye aliwasuta, akawaambia kishusheni kidoa kabla ya kutuma, hamna macho? Na yeye alipanda kurekebisha idadi ya mashine zake, akakiacha kidoa palepale.

Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, chini kabisa. Mashine ya karatasi huendelea kugonga hata laini ikishakatika, ukitaka kujiandikia mwenyewe. Kasi alijiandikia: “Mashine kumi na mbili zina nafasi, mimi sina.”

Fundi alibaki amepiga magoti.

“Una nini?” mdogo mtu aliuliza.

“Haikutuma yote,” Fundi alisema. “Dada yangu, haikutuma yote.”

Alimweleza. Alieleza vibaya, akirudiarudia, akionyesha kwa kidole mahali pa ukurasa ambao haukuwepo. Mwanamke alisikiliza huku ameshika tepu yake kwa mikono miwili. Mwishoni alitoa simu, akabonyeza, akampa.

“Haloo? Wapangaji wamefika?”

Ilikuwa sauti nzito kidogo kuliko alivyoiwazia, na ya polepole. Hilo lilimshangaza Fundi: mtu mwenye vidole vile, anaongea polepole.

“Ni mimi,” alisema.

“Wewe nani?”

“Fundi.”

Upande wa pili kulikuwa na watoto wanaocheza, na mlango ukafungwa, wakasikika kwa mbali.

“Umefuata mashine,” Kasi alisema. “Chukua. Iwe ya kumi na tatu.”

“Nilikungoja. Jumamosi, na Jumapili. Bi Kasi, barua haikufika yote. Nilisahau kukishusha kidoa. Ilikwenda nusu.”

“Nusu ipi?”

“Mabovu.”

Kasi alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa mashine, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. “Na hiyo nyingine ilisema nini?”

Fundi alimtazama yule mdogo mtu, ambaye hakuondoka wala hakugeuza uso. Akaitazama karatasi, haikumsaidia. Basi akaisema kwa mdomo. Alianza kwa kukwama, kisha ikatoka: kwamba chumba atakitoa kila kitu, kwamba kuna dirisha, kwamba Jumamosi. Alisema njoo. Alisema na paka. Alipofika kwenye nakupenda akalisema pia, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

“Fundi.”

“Naam.”

“Kwa nini hukuanza na hilo?”

Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa jibu la kadi za kazini, na aliona aibu kulitoa.

“Mwanangu alilia nilipofika,” Kasi alisema. “Mtu mzima yule, na ndevu zake. Mkewe ameshaanza kazi, watoto wako na mimi mchana kutwa, mdogo hanywi maziwa mpaka nimpe mimi. Nimwambie nini? Kwamba nilikuja kwake kwa sababu nilikataliwa kwingine, na kumbe sikukataliwa, kwa hiyo kwaheri?”

“Usimwambie,” Fundi alisema. “Hapana. Usimwambie hivyo.”

“Ungekuja siku ile ile. Au ungekuja wiki ile. Nilikaa hapo siku nne, Fundi. Nilijiambia, kama ana neno jingine atakuja mwenyewe aliseme.”

“Nilikuwa napaka chumba rangi.”

Fundi alimsikia anahangaika na pumzi yake, na alipoongea tena sauti ilikuwa imepasuka.

“Rangi gani?”

“Ya maziwa. Mlango ni wa bluu.”

“Ningeipenda,” Kasi alisema. Mtoto aliita nyuma yake, akaita tena kwa hasira. “Naitwa. Kaa salama, Fundi wangu. Kula vizuri.” Na akakata.

Fundi alimrudishia mdogo mtu simu yake. Alilia palepale mbele ya mashine, wazi, bila kujifunika uso, na mwanamke yule hakumwambia anyamaze. Mara gari la wapangaji likafika na vitanda vyao, na wote wawili wakasogea pembeni kuwapisha.